Sifuri Moja na Wastani Wake: Uhakiki wa Masharti ya Kazi za Nyumbani katika Kozi ya Takwimu

Wasomaji wa jarida letu wamezoea kukuta katika ukurasa huu uhakiki wa riwaya, tamthilia au diwani. Safari hii naomba wanivumilie. Matini ninayokusudia kuihakiki haina mhusika mwenye jina, haina ploti, na ina kurasa nne tu za fotokopi. Ni muhtasari wa kozi ya takwimu ambayo wanafunzi wetu wa ualimu wa Kiswahili hulazimika kuisoma katika idara jirani kabla ya kuhitimu. Anayefeli huirudia, na kwa kuwa kozi hutolewa mara moja tu kwa mwaka, kuirudia ni kusubiri mwaka mzima huku wenzake wakivaa majoho.

Sikuisoma matini hii kwa hiari. Muhula uliopita binti mmoja wa mwaka wa pili alibisha hodi ofisini kwangu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu, keti."

Hakuketi. Alinipa karatasi yenye alama zake, akasema, "Mwalimu, mimi nimefeli takwimu kwa sababu ya msiba."

Nakiri kwamba moyoni nilitabasamu. Sisi walimu tumezisikia hadithi za misiba kiasi kwamba kuna mabibi wa watu waliozikwa mara tatu katika muhula mmoja. Lakini karatasi yenyewe ilinifanya niache kutabasamu. Kazi za nyumbani zilikuwa nane, kila moja ikitolewa alama kati ya mia moja. Alama zake (nimezibadilisha kidogo ili asitambulike) zilikuwa hizi: 84, 86, 88, 85, 87, 0, 86, 86. Ile sifuri ilikuwa ya kazi ya sita. Ilitakiwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Yeye alikuwa kijijini kwenye matanga ya baba yake mdogo, akaileta Jumanne. Haikupokelewa wala haikusomwa.

Ndugu msomaji, hata kama uliikimbia hisabati ukaja kwenye fasihi, hebu tuzitazame namba hizo pamoja. Zipange kuanzia ndogo hadi kubwa. Mediani yake, yaani thamani iliyo katikati, ni 86. Modi yake, yaani alama inayojitokeza mara nyingi zaidi, ni 86. Wastani wa zile kazi saba zilizosomwa ni 86. Lakini wastani wa zote nane, ambao ndio uliotumika, ni 75.25. Hakuna siku binti huyu alipata alama inayokaribia 75. Ni alama isiyomhusu yeye wala kazi yake yoyote. Ni alama ya ile Jumatatu.

Sasa fungua ukurasa wa pili wa muhtasari huohuo. Mada ya wiki ya tatu ni vipimo vya mwelekeo wa kati, na wanafunzi wanatarajiwa kueleza kwa nini wastani huvutwa na thamani moja iliyo mbali sana na nyingine, na ni wakati gani mediani hufaa kuliko wastani. Wanafunzi huulizwa swali hilo katika kazi ya pili. Ukurasa wa tatu, penye masharti ya alama, kosa hilohilo linatendwa juu yao wenyewe. Katika fasihi tungeiita kinaya, na tungempongeza mwandishi kwa kuipachika. Hapa sidhani kama mwandishi alikusudia.

Kwa mazoea ya taaluma yetu nilianza uhakiki kwa lugha. Waraka umeandikwa kwa Kiingereza, kama zilivyo nyaraka zote za aina hiyo chuoni kwetu, na hapa ninaueleza kwa Kiswahili changu. Nilihesabu vitenzi katika ukurasa wa masharti. Mwanafunzi ndiye mtenda mara kumi na nne: atawasilisha, atahakikisha, ataandika kwa wino wa buluu, hatashirikiana na mwenzake, hataomba kuongezewa muda. Mhadhiri hatokei kama mtenda hata mara moja. Panapokuja zamu yake, kauli ya kutendwa inamfunika: kazi itasahihishwa, alama zitakatwa, sifuri itatolewa. Itatolewa na nani? Kiambishi -w- kimemficha. Tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba kauli ya kutendwa huruhusu mtenda asitajwe. Huu ni mfano bora kuliko ile ya "chakula kililiwa" iliyomo katika vitabu vyetu vya sarufi.

Si jambo dogo la mtindo. Kwa kuwa mhadhiri hana kitenzi, hana ahadi. Masharti yanaeleza saa na dakika ya mwanafunzi kuwasilisha, ila hayasemi popote kazi itarudishwa lini. Nilipowauliza wanafunzi, waliniambia kwamba kazi ya kwanza mpaka ya tano zilirudi kwa pamoja wiki ya kumi na mbili, zikiwa na tarakimu juu na alama za vema na mkasi pembeni, bila neno. Mtihani ulikuwa wiki ya kumi na tano.

Ni haki niseme kwamba mwenzetu anayefundisha kozi hiyo ana wanafunzi wanaozidi mia tatu kutoka idara mbalimbali, na msaidizi mmoja. Kazi nane kwa watu mia tatu ni karatasi 2,400. Mimi ninayelalamika juu ya insha arobaini sina uso wa kumcheka. Na tarehe zote amezitoa mapema, wiki ya kwanza, jambo ambalo katika idara yetu wenyewe si wote tunaolitimiza. Hata hivyo, mtu mwenye karatasi 2,400 na msaidizi mmoja angeweza kujiuliza kama anahitaji kazi nane, au nne zinazosomwa kwa makini.

Turudi kwa binti yetu. Katika kozi hiyo kazi za nyumbani hubeba alama 30 na mtihani 70. Mtihani alipata 38. Kwa wastani wa 75.25 jumla yake ni 49.2, na alama ya kufaulu ni 50. Ile kazi ya sita ingepokelewa ikapata kama wenzake, au ingeachwa tu nje ya hesabu, jumla ingekuwa 52.4. Nilipomaliza kukokotoa nilifurahi. Nikajiona wakili mwenye kesi iliyokwisha kushinda, nikachukua kalamu nimwandikie mkuu wa idara jirani barua.

Kisha macho yangu yakaangukia tena ile 38.

Mtu anayepata 86 nyumbani, mara saba mfululizo, anapataje 38 darasani? Nilimuuliza, "Mwanangu, wastani ni nini?" Akanipa kanuni: jumlisha, gawa kwa idadi. Nikasema sawa, lakini unatuambia nini? Akanyamaza. Nikamuuliza juu ya mkengeuko sanifu, kile kipimo cha namna thamani zilivyotawanyika kutoka kwenye wastani. Akaniandikia kanuni yake yote, na kipeo cha pili mahali pake, kwa mwandiko mzuri. Nilipomwonyesha zile alama zake nane na kumuuliza kama zimetawanyika sana au kidogo, na kwa sababu gani, hakuweza. Ndipo akasema kwa sauti ya chini kwamba kazi hufanywa na kikundi: mmoja anayejua anatatua, anapiga picha kwa simu, wengine wanabadilisha mpangilio wa mistari. Siku hizi hata huyo mmoja hahitajiki sana, maana tangu mwisho wa mwaka 2022 zipo programu za akili mnemba zinazotatua zoezi la namna hiyo na kuonyesha hatua zote kabla hujamaliza kunywa chai.

Sikuiandika ile barua siku hiyo. Kama ningefanikiwa kuifuta sifuri, ningemvusha mtu asiyejua somo, na kumpa sifa kwa 86 ambayo si yake peke yake. Lakini pia sikuona haki kwamba amefeli kwa ajili ya msiba, ilhali wenzake waliopata 38 ileile mtihanini na picha zilezile za simu walifaulu kwa kuwa hawakufiwa. Ndipo nilipoona kwamba sifuri ni dalili tu, na ugonjwa uko kwingine.

Tuchukue mfano wa kubuni, unaofanana na niyaonayo kila muhula. Darasani, alama za kazi za nyumbani zinaanzia 80 hadi 92, kwa sababu majibu yanatoka chungu kimoja. Alama za mtihani zinaanzia 25 hadi 85. Masharti yanasema kazi za nyumbani zina uzito wa 30. Lakini tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho katika kazi hizo ni alama 12, na asilimia 30 ya 12 ni 3.6. Tofauti katika mtihani ni 60, na asilimia 70 yake ni 42. Kwa hiyo katika kuwatofautisha wanafunzi, kazi za nyumbani hazifanyi karibu chochote. Uzito ulioandikwa si uzito unaofanya kazi. Unaofanya kazi hutegemea mtawanyiko, na hilo nalo ni mada ya wiki ya tano katika muhtasari huohuo.

Sasa weka sifuri moja katika safu hiyo. Kwa mwanafunzi wa 86, sifuri moja kati ya kazi nane hupunguza alama 10.75, ambazo baada ya kuzidishwa kwa asilimia 30 ni 3.2. Linganisha na ile 3.6. Kuchelewa Jumatatu moja kunakaribia kugharimu sawasawa na tofauti yote iliyopo kati ya aliye bora na aliye dhaifu kuliko wote. Katika safu ambayo kila mtu ana jibu lilelile, kinachobaki kutofautisha watu ni nani aliwahi basi. Safu hiyo inaitwa "kazi za nyumbani", lakini inachopima ni uwahi. Uwahi ni tabia njema, nami nausisitiza kwa watoto wangu. Ila kuuita ujuzi wa takwimu ni kumpotosha mwajiri, mzazi na mwanafunzi mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya watu wa hisabati, na kwamba sisi wa lugha tuna matatizo yetu ya insha, ambako kila msahihishaji ana ladha yake. Nami niliamini hivyo, kwamba hesabu hainaga upendeleo, mpaka niliposoma habari za Daniel Starch na Edward Elliott wa Marekani. Mwaka 1912 walichapisha utafiti ambamo karatasi zilezile za Kiingereza zilisahihishwa na walimu wengi wa shule mbalimbali. Karatasi moja ilipata alama kuanzia 50 hivi hadi zaidi ya 90. Watu wakasema, bila shaka, ni Kiingereza. Mwaka uliofuata wakafanya vivyo hivyo kwa karatasi moja ya jiometria, na alama zikaanzia 28 hadi zaidi ya 90. Wapo waliokata alama kwa uchafu wa karatasi, wapo waliojali jibu la mwisho tu, wapo walioheshimu hatua. Muhtasari wetu unasema jibu pekee ndilo litakalosahihishwa, kwa nafasi nne za desimali. Hiyo inampa msahihishaji wepesi wa kulingana na mwenzake, lakini inampa pia anayenakili kitu chepesi cha kunakili. Tarakimu 75.2500 inahamishika kwenye simu. Maelezo ya kwa nini mediani inafaa hapa kuliko wastani yanahamishika kwa taabu zaidi, na yakihamishwa huonekana, kwa sababu mtindo wa mtu una alama za vidole.

Hapo ndipo tunapoingia sisi wa lugha, na ndipo ninapomlaumu mwenzetu kwa upole zaidi na idara yetu kwa ukali zaidi. Data za mazoezi yote manane ni namba zisizo na mwenyewe: X ni 3, 7, 8, 12. Wa nani? Za nini? Mwaka 1913 Andrey Markov wa Urusi alizihesabu herufi 20,000 za kazi ya ushairi ya Pushkin, irabu na konsonanti, na katika kuhesabu huko akaonyesha nadharia inayobeba jina lake hadi leo. Mwaka 1964 Frederick Mosteller na David Wallace walitumia maneno madogomadogo, yale ambayo sisi tungeyaita viunganishi na vihusishi, kubaini ni nani aliandika baadhi ya makala za kisiasa za Marekani ambazo waandishi wawili walizigombania. Takwimu imewahi kuishi nyumbani kwetu, katika maneno. Chama cha wanatakwimu cha Marekani, katika mwongozo wake wa kufundishia vyuoni wa mwaka 2005 uliorekebishwa 2016, kimehimiza matumizi ya data halisi na uelewa badala ya kukariri kanuni. Ni nani kati yetu katika idara ya Kiswahili aliyewahi kuvuka ua na kumpelekea mwenzetu data halisi? Mimi nimefundisha hapa miaka kumi na miwili na sikuwahi.

Zoezi si gumu kulipata. Mpe kila mwanafunzi ukurasa wake wa gazeti la Kiswahili na ukurasa wa gazeti la Kiingereza. Ahesabu herufi za kila neno katika maneno mia moja ya kwanza, atafute wastani na mkengeuko, kisha aeleze kwa nini Kiswahili kina maneno marefu zaidi. Atakutana na "hawatatupatia", ambalo ni sentensi nzima iliyovaa joho la neno moja, na ataona kwa macho yake namna neno kama hilo linavyouvuta wastani. Kurasa zikiwa tofauti, majibu hayawezi kufanana, na anayenakili atakuwa ananakili jibu la ukurasa wa mtu mwingine. Kazi kama hiyo ikirudishwa ndani ya wiki moja ikiwa na maneno mawili ya mwalimu, mwanafunzi aruhusiwe kuirekebisha na kuileta tena. Na kati ya kazi zote, ile ya chini kabisa iondolewe katika hesabu, kwa kila mtu, bila kuuliza nani amefiwa na nani ameshindwa kupanda basi. Hatutahitaji tena kupima ukweli wa matanga.

Kwa nini nalipa jambo hili kurasa zetu? Kwa sababu ya wanakokwenda vijana hawa. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza nchini Uganda mwaka 2020, asilimia 20 ya alama ya mwisho ya mwanafunzi inatokana na tathmini endelevu inayofanywa shuleni na mwalimu mwenyewe, na 80 kutokana na mtihani wa taifa. Kundi la kwanza lilifanya mtihani huo mwaka 2024. Mtaala huohuo uliifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo ya sekondari, nasi sote tunajua jinsi walimu wake wanavyotafutwa. Binti aliyesimama mbele ya meza yangu, akihitimu, atapewa daftari la alama za watoto. Atakapokutana na mtoto ambaye hakuleta zoezi kwa sababu aliuguza ndugu, ataandika nini katika kisanduku kile? Ataandika alichoandikiwa yeye. Hatukumfundisha kingine.

Na hapa sina budi kufungua daftari langu mwenyewe. Baada ya mazungumzo yale nilizitoa alama za kozi yangu ya isimu ya muhula uliopita na kuzikagua kwa vipimo vilevile. Insha tatu za nyumbani zilikuwa karibu zote kati ya 62 na 70, kwa sababu mimi ni mtu wa kuogopa kutoa 45 na ni bahili wa kutoa 80. Nilikuwa na sifuri nne za kuchelewa. Mbili kati yake sikumbuki hata sababu nilizopewa. Nilichokuwa nimekipima kwa miaka kumi na miwili, katika safu ile, ni uwahi, kama mwenzangu.

Kuhusu ile 50 ya kufaulu, kuna jambo dogo la pembeni. Katika kitabu chake cha 1925, Ronald Fisher alipendekeza kiwango cha moja katika ishirini, yaani 0.05, kama mpaka wa kuamua iwapo matokeo ni ya kutiliwa maanani, akisema wazi kuwa ni kwa ajili ya urahisi. Vizazi vilivyofuata viliufanya mpaka huo kama umeshuka kutoka mlimani, hadi chama cha wanatakwimu cha Marekani kikalazimika mwaka 2016 kutoa tamko la kuonya watu. Hamsini yetu nayo ni ya urahisi. Sisemi tuiondoe, lazima mpaka uwe mahali fulani. Nasema tu kwamba mtu mwenye 49.2, ambayo ndani yake mna Jumatatu moja isiyo na uhusiano na somo, si mtu wa kufungiwa mlango bila kumwita aeleze anachojua kwa mdomo wake.

Barua niliiandika baadaye, lakini si ile niliyoianza. Sikuomba alama ya binti yule ibadilishwe. Niliomba apewe nafasi ya kuhojiwa kwa dakika ishirini na mhadhiri wake juu ya kazi zake mwenyewe, na nikaambatanisha zoezi la kurasa za magazeti pamoja na nakala hamsini za kurasa zenyewe. Mwenzetu alikuja ofisini siku ya tatu. Hakuwa amefurahi sana, hasa juu ya vile vitenzi. Alikunywa chai, akasoma karatasi ya masharti ya kozi yangu iliyobandikwa mlangoni, akaomba kalamu, akaanza kuhesabu.